KASI NA KIASI: JINSI ASIDI INAVYOKULA METALI

Fundi wa betri za magari, mwanafunzi wa kidato cha tatu na mkulima anayeishi karibu na mto Tigithe wana jambo moja linalowaunganisha, hata kama hawajapata kuketi pamoja na kulizungumza. Wote watatu hukutana na asidi, na wote wanahitaji majibu ya maswali mawili. Swali la kwanza ni hili: asidi hii inafanya kazi kwa haraka gani? La pili ni hili: itafanya kazi kubwa kiasi gani kabla ya kwisha nguvu?

Swali la kwanza ni la kasi, na la pili ni la kiasi. Maswali hayo hufanana kwa mtu asiyezoea kemia, na mara nyingi huchanganywa. Lakini mtu anayeyachanganya anaweza kupata hasara: mwanafunzi atakosea mtihani, fundi ataunguza ngozi yake, na kijiji kinaweza kuridhika na maji ambayo yamezimuliwa tu bila kuponywa. Makala haya yanaeleza tofauti ya mambo hayo mawili. Yanaanza na jaribio dogo linaloweza kufanywa katika maabara ya shule ya sekondari, tuseme katika kata ya Bomani mjini Tarime, kisha yanatoka nje ya maabara na kufuata asidi mpaka kwenye maji yanayotiririka kutoka katika mawe ya migodi.

METALI INAPOKUTANA NA ASIDI

Kipande cha magnesiamu kikitiwa ndani ya asidi hidrokloriki iliyozimuliwa kwa maji, mapovu hutoka kwa wingi, chombo hupata joto, na baada ya muda metali yote hutoweka. Mapovu hayo ni gesi ya haidrojeni. Wanakemia huandika tukio hilo hivi:

Mg + 2HCl → MgCl2 + H2

Zinki na chuma hufanya vivyo hivyo, ila polepole zaidi. Shaba, fedha na dhahabu hazitoi haidrojeni katika asidi hiyo hata zikikaa humo siku nyingi.

Ili kuelewa kinachotendeka, ni lazima kukumbuka jambo alilolipendekeza Svante Arrhenius, mwanasayansi wa Uswidi, katika tasnifu yake ya mwaka 1884: kwamba vitu kama asidi vinapoyeyuka majini hugawanyika na kuwa chembe zenye chaji ya umeme, ambazo huitwa ioni. Asidi hidrokloriki majini ni mkusanyiko wa ioni za haidrojeni na ioni za kloridi. Zinazoishambulia metali ni ioni za haidrojeni. Kila atomu ya magnesiamu hutoa elektroni mbili, ioni mbili za haidrojeni huzipokea, na haidrojeni hiyo hujiunga na kupanda juu ikiwa gesi. Atomu ya magnesiamu nayo, kwa kuwa imepoteza elektroni zake, huiacha metali na kuingia majini.

Basi idadi ya ioni za haidrojeni zilizomo katika kila lita ya maji ndiyo inayopaswa kutazamwa. Idadi hiyo hupimwa kwa moli, na wingi wa moli katika lita moja huitwa ukolezi.

JARIBIO

Vifaa vinavyohitajika ni chupa ya kioo yenye kizibo na mpira wa kupitishia gesi, silinda ya kupimia yenye ujazo wa sentimita za ujazo 50, beseni la maji, saa yenye mkono wa sekunde, utepe wa magnesiamu, na asidi hidrokloriki yenye ukolezi wa moli 1 kwa lita. Mwalimu awepo, macho yakingwe kwa miwani, na pasiwe na moto karibu kwa sababu haidrojeni huwaka na kulipuka.

1. Kata vipande vitatu vya utepe vyenye urefu sawa, kila kimoja kikiwa na uzito wa gramu 0.024. Kwa utepe wa kawaida wa shuleni, urefu huo ni kama sentimita 2 na nusu. Visugue kwa msasa mpaka ving'ae, maana utando wa oksidi ulio juu ya metali huchelewesha mmenyuko.

2. Tayarisha asidi za aina tatu. Ya kwanza ni sentimita za ujazo 50 za asidi yenyewe. Ya pili ni 25 za asidi na 25 za maji. Ya tatu ni 12.5 za asidi na 37.5 za maji. Ukolezi wake sasa ni moli 1, moli 0.5 na moli 0.25 kwa lita.

3. Jaza silinda maji, uipindue ndani ya beseni, na uingize ncha ya mpira chini yake.

4. Tia kipande kimoja cha utepe katika asidi ya kwanza, funga kizibo upesi, na uandike ujazo wa gesi kila baada ya sekunde 10 mpaka mapovu yakome. Rudia kwa asidi nyingine mbili. Vipimo vikiwa vitatu kwa kila asidi, wastani wake utaaminika zaidi.

Chora grafu: muda uwe kwenye mstari wa chini, na ujazo wa gesi uwe kwenye mstari wa wima. Mistari mitatu itakayopatikana inafundisha mambo matatu.

Kwanza, mwanzoni mstari wa asidi iliyokolea hupanda wima zaidi kuliko mingine. Mwinamo wa mstari ndio kasi.

Pili, kila mstari hulegea kidogo kidogo kisha hulala. Metali inapopungua, uso wake unaoguswa na asidi hupungua pia, na hatimaye haupo tena.

Tatu, na hili ndilo linalowashangaza wengi, mistari yote mitatu hulala kwenye kimo kimoja. Asidi iliyokolea haikutoa gesi nyingi kuliko asidi nyepesi. Ilitoa gesi ileile mapema zaidi.

Sababu ya jambo hili la tatu hupatikana kwa hesabu. Gramu 0.024 za magnesiamu ni moli 0.001, nazo zinahitaji moli 0.002 za ioni za haidrojeni. Hata asidi nyepesi kuliko zote katika jaribio hili ina moli 0.0125, yaani zaidi ya mara sita ya zinazohitajika. Hivyo kikomo cha gesi kimewekwa na metali, na ukolezi umeamua kasi tu.

Hapa pana jambo la kuangaliwa na wanafunzi wa nyanda za juu. Vitabu vingi husema kwamba moli 1 ya gesi katika joto la kawaida hujaza lita 24, kwa hiyo mwanafunzi hutarajia kupata sentimita za ujazo 24. Kipimo hicho ni cha usawa wa bahari. Mji wa Tarime uko karibu mita 1500 juu ya usawa huo, na kanieneo ya hewa yake ni pungufu kwa kadiri ya asilimia 16 au 17. Gesi inayokandamizwa kidogo hutanuka zaidi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Bomani anayesoma karibu sentimita za ujazo 29 kwenye silinda yake asidhani amekosea na kufuta daftari lake ili afanane na kitabu. Amepima sawasawa; ni kitabu kilichoandikwa kwa mahali pengine.

KWA NINI UKOLEZI HUONGEZA KASI

Mfano wa shamba la mtama unaweza kusaidia. Shamba ni moja na ukubwa wake haubadiliki. Wakija wavunaji kumi, watamaliza kwa siku mbili. Wakija wavunaji ishirini wenye bidii ileile, watamaliza kwa siku moja. Lakini magunia yatakayopatikana ni yaleyale, kwa sababu magunia hutegemea shamba.

Ioni za haidrojeni ndizo wavunaji, na uso wa metali ndio shamba. Ioni hizo huzunguka majini bila kupumzika na kuugonga uso wa metali. Si kila mgongano unaoleta mabadiliko, lakini ioni zikiwa mara mbili, migongano nayo huwa mara mbili katika kila sekunde, na hivyo kasi huongezeka kwa kadiri hiyo. Wazo la kuhusisha kasi na wingi wa vitu vinavyokutana lilipewa sura ya kanuni na Wanorwe wawili, Cato Guldberg na Peter Waage, kuanzia mwaka 1864.

Mwanafunzi anaweza kuijaribu kanuni hiyo kwa hesabu nyepesi. Na ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba utepe umetoweka kwa sekunde 40 katika asidi ya moli 1. Ikiwa kasi inalingana moja kwa moja na ukolezi, utepe wa namna hiyohiyo utachukua sekunde 80 katika asidi ya moli 0.5, na sekunde 160 katika asidi ya moli 0.25. Ukizidisha ukolezi kwa muda, jibu ni 40 katika hali zote tatu. Mwanafunzi azidishe vipimo vyake mwenyewe namna hiyo. Majibu yakikaribiana, kanuni imetimia. Yakiachana sana, pana sababu nyingine iliyojificha, na inafaa itafutwe.

MTEGO WA JOTO

Sababu inayojificha mara nyingi ni joto. Moli 1 ya magnesiamu inapoliwa na asidi hutoa joto la karibu kilojuli 467. Moli 0.001 itatoa juli 467. Joto hilo likiingia katika sentimita za ujazo 50 za asidi, litaipandisha kwa nyuzi 2 hivi, jambo ambalo halina madhara makubwa. Lakini mwanafunzi akitumia sentimita za ujazo 5 tu ili kubana matumizi, joto lilelile litaipandisha asidi yake kwa nyuzi 22.

Joto likipanda, ioni huenda mbio zaidi na migongano yenye nguvu ya kutosha huongezeka. Kwa mimenyuko mingi, nyuzi 10 za joto huweza kukaribia kuongeza kasi mara mbili. Na kwa kuwa asidi iliyokolea hutoa joto lake kwa muda mfupi bila kupata nafasi ya kupoa, ndiyo inayopotoka zaidi. Mwanafunzi huyo atadhani amegundua kwamba ukolezi ukiwa mara mbili kasi huwa mara tatu au nne, kumbe amepima ukolezi na joto kwa pamoja. Ndiyo maana jaribio la hapo juu linataka asidi nyingi na metali kidogo. Katika utafiti wowote, jambo moja tu ndilo la kubadilishwa kwa wakati mmoja.

NENO "KALI" LINA MAANA MBILI

Katika mazungumzo ya kila siku huambiwa kwamba asidi fulani ni kali. Neno hilo hufunika mambo mawili ambayo kemia huyatenganisha. Moja ni ukolezi, yaani wingi wa asidi iliyotiwa majini. La pili ni nguvu, yaani utayari wa asidi hiyo kuachia ioni zake za haidrojeni.

Siki ya mezani ni mfano mzuri. Siki yenye asilimia 5 ya asidi etanoiki ina ukolezi wa karibu moli 0.8 kwa lita, usiopungua sana ule wa asidi ya kwanza ya jaribio letu. Hata hivyo magnesiamu huliwa polepole zaidi ndani ya siki. Katika kila molekuli 200 hivi za asidi hiyo, ni moja tu iliyogawanyika na kuachia ioni yake. Wavunaji wameandikishwa 200, lakini aliyefika shambani ni mmoja.

Hapa ndipo swali la kiasi linaporudi. Yule mmoja akimaliza kazi yake, mwingine hutoka nyumbani kuchukua nafasi yake, mpaka wote 200 wamefanya kazi. Kwa hiyo siki, ikipewa muda na metali ya kutosha, mwishowe huweza kutoa gesi inayokaribia ile ya asidi hidrokloriki yenye ukolezi sawa. Asidi dhaifu ina kasi ndogo, lakini akiba yake ni kubwa. Mpishi anayelaza ndimu au ukwaju usiku kucha ndani ya sufuria ya alumini huikuta sufuria imepoteza mng'ao asubuhi, ingawa hakuona povu hata moja.

PALE KANUNI INAPOFIKA MWISHO

Mtu akiishika kanuni hii bila kuijua mipaka yake, anaweza kudhani kwamba asidi ikizidi kukolea ndivyo hatari yake kwa metali inavyozidi daima. Mambo hayaendi hivyo kila mara.

Asidi salfuriki iliyozimuliwa hula chuma haraka. Lakini asidi hiyohiyo ikiwa na ukolezi wa asilimia 93 hadi 98 huhifadhiwa katika matangi ya chuma cha pua na hata ya chuma cha kawaida. Katika ukolezi huo maji ni machache, ioni za haidrojeni zilizo huru ni chache, na juu ya chuma hufanyika utando wa salfeti unaokikinga. Tangi hilo likiingiwa na maji, kinga huondoka na chuma huanza kuliwa.

Asidi nitriki nayo ina tabia yake. Iliyozimuliwa hukila chuma, ilhali iliyokolea sana hukivika utando wa oksidi na kukiacha kama kilichopigwa ganzi. Mwanasayansi wa Uingereza Michael Faraday alilichunguza jambo hilo mwaka 1836. Tena, asidi nitriki ikikutana na shaba haitoi haidrojeni. Hutoa gesi za nitrojeni: iliyokolea hutoa moshi wa rangi ya hudhurungi wenye sumu, na iliyozimuliwa hutoa hasa gesi nyingine isiyo na rangi. Hapa ukolezi umebadilisha hata kile kinachotokea, mbali na kasi yake. Wanunuzi wa dhahabu huitumia asidi nitriki kupimia: shaba na shaba nyeupe huliwa, dhahabu hubaki.

Katika wilaya yenye wachimbaji dhahabu wengi, yafaa kutaja mfano wa jirani. Dhahabu huyeyushwa kwa maji yenye sianidi, njia iliyopata hataza huko Glasgow mwaka 1887. Mwanzoni, sianidi ikiongezwa kasi huongezeka. Baada ya kiwango fulani kidogo, kuongeza sianidi hakuleti faida, kwa kuwa mmenyuko huo unahitaji pia oksijeni, na oksijeni inayoyeyuka majini ina kikomo. Anayezidisha sianidi hapo anaongeza gharama na sumu tu. Na ikumbukwe daima kwamba sianidi haipaswi kukutana na asidi, maana hutoa gesi inayoua. Ndiyo sababu maji ya sianidi hutiwa chokaa.

NAMBA YA pH

Ukolezi wa ioni za haidrojeni katika maji ya kawaida ni mdogo mno, na kuuandika kwa desimali kunachosha. Mwaka 1909 S. P. L. Sørensen, aliyekuwa katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alibuni kipimo cha pH. Maji safi yana pH 7. Namba ikishuka, asidi inaongezeka.

Jambo la kushika ni kwamba kila hatua moja ya pH ni mara kumi. Maji ya pH 5 yana ioni za haidrojeni mara 10 ya maji ya pH 6. Maji ya pH 4 yana mara 100, na ya pH 3 yana mara 1000. Mtu akisikia kwamba pH imeshuka kutoka 6 hadi 3, asidhani kwamba asidi imeongezeka mara mbili.

Zinki, ambayo hupakwa juu ya mabati na ndoo, hudumu vizuri katika maji ya pH 6 hadi 12, na chini ya hapo huliwa upesi. Chuma hufuata njia nyingine. Kati ya pH 10 na pH 4 kasi ya kuliwa kwake hubadilika kidogo sana, kwa sababu oksijeni iliyomo majini ndiyo inayoitawala kazi hiyo. Chini ya pH 4 ioni za haidrojeni hushika usukani, na kasi hupanda ghafla. Bomba lililodumu miaka mingi katika maji ya pH 6 halina hakika ya kudumu katika maji ya pH 3.

MAWE YANAYOZAA ASIDI

Kusini-mashariki mwa mji wa Tarime, katika eneo la Nyamongo, uko mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Karibu yake hupita mto Tigithe, unaoingia katika mto Mara, nao mto Mara humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Mwezi Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka eneo la mgodi na kuingia katika Tigithe, na habari hiyo ilienea nchi nzima. Wenye mgodi walieleza kwamba utando wa plastiki wa kuzuia maji ulikuwa umeibiwa. Kwa mwanasayansi, linabaki swali la kemia: asidi hiyo hutoka wapi, ilhali hakuna aliyeileta kwa pipa?

Hutoka katika mawe. Miamba mingi yenye dhahabu ina pia pairiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kwa rangi ya njano hata kuwadanganya wasioijua dhahabu. Chini ya ardhi, mbali na hewa, pairiti hutulia. Ikichimbwa, ikavunjwa na kulundikwa juu, hewa na mvua huifikia:

2FeS2 + 7O2 + 2H2O → 2FeSO4 + 2H2SO4

Zao lake ni asidi salfuriki. Mwaka 1947 watafiti wa Marekani Colmer na Hinkle walionyesha kwamba bakteria hushiriki katika kazi hii kwa kuoksidisha chuma kilichomo katika maji hayo, na hivyo kuiharakisha sana. Somo la uso wa metali hufaa hapa pia: jiwe zima lina uso mdogo, na jiwe lililosagwa lina uso mkubwa. Lundo la mawe yaliyovunjwa ni shamba kubwa lililofunguliwa kwa wavunaji.

Maji hayo ya asidi yakipita katika mawe mengine, huyeyusha madini yaliyomo, kama vile shaba, zinki na alumini, na kuyabeba. Kwa hiyo hatari yake kwa samaki, mifugo na watu ni ya asidi yenyewe pamoja na metali zilizoyeyuka ndani yake. Mara nyingi dalili huonekana kwa macho: tope la rangi ya kutu au ya manjano kando ya mkondo. Lakini maji yanayoonekana safi kabisa yanaweza pia kuwa na pH ya chini. Macho hayatoshi kuwa kipimo.

KUZIMUA NA KUPONYA

Sasa tofauti ya kasi na kiasi inaonyesha umuhimu wake. Na ichukuliwe kwamba kuna meta moja ya ujazo, yaani lita 1000, ya maji ya pH 3, na inatakiwa yafikie pH 6. Njia ya kwanza ni kuyazimua kwa maji safi. Kwa kuwa tofauti ni mara 1000, zitahitajika karibu meta za ujazo 999 za maji safi. Mvua ya masika inaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo. Kasi ya maji kula bati au kuyeyusha metali itapungua, lakini ile asidi iliyoingia bado imo, imetawanywa tu, na madini ya sumu yaliyoletwa nayo yamo pia. Kiangazi kikirudi na mto ukipungua, ukolezi hupanda tena.

Njia ya pili ni kuiondoa asidi kwa chokaa iliyozimwa. Lita 1000 za maji ya pH 3 zina moli 1 ya ioni za haidrojeni, nayo huhitaji gramu 37 tu za chokaa, yaani kiasi cha vijiko vichache. Tena chokaa hufanya metali nyingi zilizoyeyuka zigeuke tope na kuzama, ambapo zinaweza kuzuiwa zisifike mtoni. Katika maji halisi ya migodi chokaa inayohitajika ni zaidi ya hesabu hii, kwa sababu chuma kilichoyeyuka huendelea kuzaa asidi kinapokutana na hewa. Ni kama ile akiba ya siki. Hivyo maji yanayopimwa leo na kuonekana yamepona yapimwe tena baada ya siku kadhaa.

Kwa sababu hiyohiyo, namba ya pH peke yake haitoshi katika taarifa yoyote ya mto. Inaeleza ukolezi, na haielezi kiasi. Mkondo wa pH 3 unaopitisha lita 10 kwa sekunde hubeba moli 864 za ioni za haidrojeni kwa siku, na huhitaji angalau kilo 32 za chokaa kila siku. Mkondo wenye pH hiyohiyo lakini lita moja kwa sekunde huhitaji sehemu ya kumi tu. Kamati ya maji ya kijiji inayopokea majibu ya vipimo ina haki ya kuuliza mambo matatu: pH ni ngapi, mtiririko ni lita ngapi kwa sekunde, na metali gani zimo.

KWA FUNDI WA BETRI

Asidi ya betri ya gari ni asidi salfuriki. Betri iliyojaa umeme huwa na asidi ya karibu asilimia 37, na haidromita husoma 1.28 hivi, betri ikiishiwa, asidi yenyewe hutumika na kipimo hushuka kuelekea 1.1. Haidromita, basi, ni chombo cha kupimia ukolezi. Anayetayarisha asidi hiyo amimine asidi ndani ya maji kidogo kidogo, na asimimine maji ndani ya asidi, kwa kuwa joto linalotokea huweza kuichemsha na kuirusha usoni.

Ikimwagikia ngozi au macho, ioshwe mara moja kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 15, kisha mtu apelekwe kwa mganga. Hapa kuzimua ni sahihi, kwa sababu katika mwili wa mtu kasi ndiyo hatari ya kwanza, na maji yanayotiririka huipunguza kasi na kukiondoa kiasi kwa wakati mmoja. Asidi iliyomwagika sakafuni, hata hivyo, imwagiwe magadi au chokaa mpaka mapovu au mvuke ukome, kisha ndipo ioshwe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. pH ya kisima imeshuka kutoka 5 hadi 3. Ioni za haidrojeni zimeongezeka mara ngapi?

2. Utepe wa magnesiamu umetoweka kwa sekunde 70 katika asidi ya moli 0.5 kwa lita. Katika asidi ya moli 1, utarajiwe kuchukua muda gani, ikiwa joto halikubadilika?

3. Asidi hidrokloriki na siki zina ukolezi na ujazo ulio sawa, na zinki imezidi katika vyombo vyote viwili. Ipi itatoa gesi haraka? Ipi itatoa gesi nyingi mwishowe?

4. Mkondo mmoja una pH 3 na hupitisha lita 2 kwa sekunde. Mwingine una pH 4 na hupitisha lita 20 kwa sekunde. Upi unaingiza asidi nyingi mtoni kwa siku?

Majibu: (1) Mara 100. (2) Sekunde 35. (3) Asidi hidrokloriki ni ya haraka. Mwishowe gesi hukaribia kuwa sawa. (4) Yote miwili huingiza kiasi kilekile, ingawa maji ya mkondo wa kwanza yatakula bati haraka zaidi.

Msomaji aliyelipata jibu la nne bila kusaidiwa ameshika kiini cha somo lote, na anaweza kuisoma taarifa ya vipimo vya maji ya mto wake bila kuhitaji mkalimani.